Wamekuja Kumnasa Theuri

Gari la serikali likiingia boma la mtu huku Mweiga, hata kuku hujiuliza limemfuata nani. Lililoingia kwa Watiri Alhamisi hiyo lilikuwa Land Rover ya kijani, namba ya GK, na Watiri, aliyekuwa ameinamia karai akimenya viazi, hakuinuka. Hakuwa na hatia yoyote aliyoijua, lakini alikuwa ameishi duniani muda wa kutosha kujua kwamba hatia huletwa kwa gari.

Aliyeshuka alikuwa mwanamke kijana aliyejitanda mtandio wa rangi ya maziwa, akikanyaga matope kwa adabu kama anayeyaomba ruhusa. Dereva alibaki ndani na kipande cha muwa.

"Hodi hapa. Shikamoo, mama."

"Mzuri," Watiri akajibu.

Mgeni akatabasamu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha redioni, kilichopigwa pasi hadi mishono. "Mimi naitwa Hanan. Nimetoka Hifadhi ya Sauti, Nairobi."

Masikio ya Watiri yalilipokea lile neno la kwanza, yakafunga mlango. Mengine yakabaki nje na dereva. Hifadhi! Kwa watu wa Mweiga hilo si neno la kamusi. Hifadhi ni ule msitu pale juu, na askari wenye bunduki, na ndovu walioshuka mwaka juzi wakala mahindi yake yote na asipewe hata pole. Kijana wa jirani yake Monicah alipatikana na mguu wa paa kwa sufuria, akafungwa miezi sita, na paa mwenyewe alikuwa mgumu.

"Tumeambiwa hapa ndipo kwa mzee Hezekiah Theuri."

"Nani amewaambia?"

"Watu wa pale sokoni."

"Watu gani? Wako na majina?"

Hanan akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Tumesikia mzee alikuwa na kikundi cha ngoma zamani, na kwamba bado anazo zile ngozi za mbega, manyoya ya mbuni, njuga na kadhalika. Tungependa kuziona. Tuzipige picha."

"Hapa hakuna ngozi. Ngozi iko hapa ni hii yangu, na imenishika."

"Si neno, mama. Hasa tunamtaka mzee mwenyewe. Tungependa kumnasa."

Kisu kikasimama katikati ya kiazi. "Kumfanya nini?"

"Kumnasa. Unajua wazee hawa wanatutoka. Wengine tumechelewa, tumekuta wameshafariki hawajanaswa. Ni hasara kubwa sana kwa taifa."

Sasa Watiri alijua kunasa ni nini. Fuko hunaswa shambani. Panya hunaswa ghalani. Na hapa alikuwepo mtu wa Hifadhi, amevaa vizuri, anamwambia kwa sauti ya asali kwamba taifa lina hasara kwa sababu mume wake hajanaswa. Na zile ngozi zilikuwa ndani, zimetundikwa nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, nyeusi na nyeupe, nywele ndefu zikiteleza kama za bibi harusi. Na Theuri alikuwa amepeleka ng'ombe kwenye josho na angeweza kutokea kwenye kona ile wakati wowote.

"Mzee alikufa," akasema.

Hanan akaweka mkono kifuani. "Inna lillahi! Pole, mama. Pole sana. Lini?"

"Kitambo."

"Na amezikwa hapa hapa?"

"Amezikwa kwao."

"Si kwao ni hapa?"

"Kwao kwa mama yake," Watiri akasema, na akasimama hatimaye, akipangusa mikono kama mtu ambaye mazungumzo yamemtoka. "Nawaombea safari njema. Hiyo barabara ikinyesha hamtatoka."

Hakukuwa na wingu hata moja.

*

Land Rover haijafika barabarani, Watiri alikuwa ameshazishusha ngozi. Alitaka kuzichimbia shimo, lakini watu wa Hifadhi si wana mbwa? Akazisukuma jikoni chini ya sufuria ya githeri. Manyoya ya mbega hayafi kimya. Yalifoka, yakatoa moshi wa kijani na harufu iliyovuka ua ikamwita Monicah.

"Mama Warigia, kuna nini inaungua?"

"Ni blanketi."

"Hiyo blanketi ilikuwa hai?"

"Monicah, wewe uko na pua ya polisi. Enda upike kwako."

Theuri aliporudi alisimama mlangoni akanusa. Hakusema kitu, kwa sababu hakuwa na cha kusemea. Miaka miwili kabla daktari alikuwa ametoa kitu kibaya kooni mwake, na kisanduku cha sauti kikaondoka nacho. Tangu siku hiyo alizungumza kwa midomo mitupu, bila sauti wala mnong'ono, na katika dunia nzima msomaji wa midomo ile alikuwa mmoja: Watiri. Hata binti yao Warigia, anayesuka nywele Nyeri mjini, akija nyumbani husema, "Mama, baba anasema nini?" Wengine humwinulia sauti mzee, kana kwamba ni masikio yaliyokatwa.

Midomo ikasema: *Ngozi zangu.*

"Askari wa game wamekuja," Watiri akamwambia. "Wanakutafuta. Nimewaambia haupo."

Mzee akachukua kijiti, akachokora jivu kidogo, akakiweka chini. Ngozi zile alizivaa mwaka sitini na saba, kikundi chao cha vibarua wa shamba la ngano kule Timau kilipochukuliwa na lori kwenda kuimba redioni. Githeri iliyopikwa kwa ngozi hizo hakuila. Alikunywa chai, akalala. Watiri naye akala akitazama mlango.

*

Ikafika Jumapili. Baada ya kanisa Theuri alifanya anachofanya kila Jumapili: alitoa redio nje, akaiweka juu ya gogo, akakaa mbele yake karibu sana kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Kulikuwa na kipindi cha nyimbo za zamani. Mzee huyu alikuwa na tamaa moja iliyobaki, na Watiri aliijua vizuri kuliko maombi yake mwenyewe. Alitaka kusikia tena alivyokuwa. Ile siku ya sitini na saba ndiyo pekee sauti yake iliyowahi kushikwa na mashine. Wakati huo hawakuwa na redio, kwa hivyo hata Watiri hakuwahi kuusikia wimbo huo ukichezwa, ila alijigamba nao kisimani miaka thelathini.

"...na sasa wapenzi wasikilizaji," mtangazaji akasema, "kutoka hifadhi yetu, wimbo ulionaswa mwaka wa elfu moja mia tisa sitini na saba. Ni Theuri na Wenzake. Kwa masikitiko, marehemu Hezekiah Theuri wa Mweiga alituaga kabla hatujamfikia. Jamaa za marehemu wanaombwa wawasiliane nasi. Mungu ailaze roho yake—"

Njuga zikaanza. Mtu akavuta pumzi aimbe. Na Watiri, aliyekuwa anaanua nguo, akaruka kama aliyeona nyoka, akazungusha kile kifundo cha kuzimia. *Kla!* Kimya.

Theuri akamtazama. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeinuka na kubaki hewani.

"Hata redio imeingiliwa na hao watu wa Hifadhi," Watiri akasema, akihema. "Umesikia? Wanatutega tuende wenyewe!"

Midomo ikasema: *Nilikufa lini?*

Watiri akakunja shuka ambayo haikuwa imekauka. "Alhamisi."

Mzee akaiwasha redio tena. Ilikuwa inauza sabuni.

*

Nchi hii redio ikisema umekufa, ni kazi yako kuonyesha vinginevyo. Jioni haijafika, akina mama wa kanisa wakaingia wakiimba taratibu, mikate miwili na sukari mikononi. Wa mbele alimkuta marehemu akibeba benchi.

"Kaeni," Watiri akasema, uso umemwiva. "Anasema mkae."

"Anasema? Nani anasema?"

"Si huyu."

Kina mama wakatazamana. Monicah, ambaye nyumba yake iko hatua chache kutoka hapo na alimwona Theuri akikama asubuhi, alikuwa amelia kuliko wote, na sasa alikasirika kuliko wote. "Yaani mimi nimelia bure? Mama Warigia, wewe ulikuwa unachoma nini juzi? Na kwa nini redio inasema mtu amekufa na hajakufa? Mnatafuta nini?"

"Hatutafuti kitu."

"Na sisi tumeshaanza kuchanga," mwingine akasema, akiirudisha sukari kapuni polepole, kama asiyetaka ionekane inarudi. Mkate mmoja nao ukaondoka. Wa pili ulisahaulika, na hakuna aliyethubutu kuukata.

Ndipo wakasikia kilio kutoka barabarani. Warigia, kitambaa cha kusukia bado kiko shingoni, kitana kimechomekwa nyweleni, analia "Baba! Baba! Ui, baba!" Akaingia boma, akamwona baba yake, akampita, akamkumbatia mama yake, halafu akageuka taratibu.

"Mathe," akasema. "Huyo ni nani?"

Ilichukua chai vikombe viwili kumweleza. Warigia alisikiliza akifuta macho. Alikuwa amefika kidato cha nne na ulimi wake ulitangulia cheti.

"Ngoja. Huyo dame alisema ametoka Hifadhi ya nini?"

"Ya... ya sauti. Sijui. Ati sauti."

"Mama. Na alisema anataka kumfanya baba nini?"

"Kumnasa!" Watiri akapiga paja. "Kwa kinywa chake!"

Warigia akaketi chini. Sio kwa kiti. Chini, kwa majani. Alicheka mpaka kina mama wa kanisa wakaanza kuogopa. "Mama, kunasa ni kurekodi! Kushika sauti na mashine! Huyo ni mtu wa redio. Wanaweka nyimbo za zamani. Walitaka kurekodi baba, wakuje wamuulize habari, wampige picha na zile ngozi zake. Hiyo ni Kiswahili sanifu. Hata mimi nilipata D lakini hiyo najua!"

Hakuna mtu mwingine aliyecheka. Watiri alitazama jikoni, palipokuwa na jivu, kisha akamtazama mume wake, kisha akapata kitu cha kufagia.

*

Kesho yake Warigia alipiga simu kutoka posta ya Nyeri, sarafu zikimezwa kama peremende. Alirudi Jumatano na habari ambayo haikumfurahisha.

"Nimeongea na Hanan mwenyewe. Nikamwambia baba yuko hai. Akaniuliza, 'Wewe ni wa ngapi?'"

"Wa ngapi nini?"

"Tangu watangaze, kuna Theuri amejitokeza Karatina, mwingine Nanyuki, na mmoja Nairobi ambaye hata si mzee. Wote wanasema kifo kilikosewa. Akaniambia, 'Dada, mimi nilikuwa kwenu. Mama yako aliniambia kwa mdomo wake amezikwa kwa mama yake. Sasa amefufuka kwa sababu tumesema jamaa waje?' Lakini atakuja Ijumaa. Na mimi Ijumaa niko na maharusi wawili wa kusuka, kwa hivyo mama, tafadhali, usimuue mtu mwingine."

*

Safari hii Watiri alisimama langoni kabla gari halijazima. Hanan alishuka na redio ya kaseti, na ile "shikamoo" yake haikushuka naye.

"Habari, mama. Yuko wapi?"

Theuri alikuwa amevaa koti la kanisani. Alinyoosha mkono; Hanan akaupokea kama mtu anayepima viazi vilivyoanza kuoza.

"Mzee, nasikia wewe ndiye uliyeimba."

Mzee akafungua ukosi wa shati akaonyesha kovu.

"Pole," Hanan akasema, akaangalia pembeni. Kisha akamgeukia Watiri. "Nisamehe, mama. Kovu si kitambulisho. Wa Karatina alileta kitambulisho cha kweli, jina lile lile, na hajawahi kuimba hata bafuni. Kuna zile ngozi?"

"Nilizichoma."

"Ulizichoma."

"Nilidhani wewe ni wa ndovu."

Kule uani vichwa vya kina Monicah vilikuwa vimepangwa juu ya michongoma kama nguo zilizoanikwa. Mmoja akasema, bila kujificha sana, "Sasa huyu msichana ndiye wamemkodi?" na mwingine akamjibu, "Nyamaza tuone."

"Kaseti ni hii," Hanan akasema. "Nakala moja, ni ya mwenye sauti au watu wake. Nikimpa asiyestahili nitaulizwa mimi, na yule anayestahili hatapata. Kwa hivyo tuisikilize pamoja."

Akabonyeza. Zikaja zile njuga, halafu ile pumzi ambayo Watiri aliikata siku ya Jumapili, na halafu sauti. Ilikuwa sauti nzuri, nyembamba, yenye maji, ikipanda bila kuchoka, na kundi la wanaume likiipokea. Watiri akaanza kulia. "Ndiye!" akasema. "Ni yeye! Mimi nimeishi na hiyo sauti, naweza kuapa hata kwa Biblia. Sikiza! Ni yeye kabisa!"

Hata Hanan uso wake ulilegea kidogo.

Theuri alikuwa amefumba macho. Wimbo ulipoisha aliyafumbua, akamtazama mke wake moja kwa moja, na midomo yake ikasema, wazi, pasipo haraka:

*Si mimi.*

Watiri akaacha kulia.

*Huyo ni Mutuma,* midomo ikaendelea. *Mwambie.*

"Amesema nini?" Hanan akauliza.

Kuna vitu vichache duniani ambavyo mtu anaweza kufanya bila shahidi yeyote, na hiki kilikuwa kimoja. Warigia alikuwa Nyeri, vidole ndani ya nywele za maharusi. Waliokuwa uani waliona mzee akitafuna hewa. Angesema, "Anasema asante," na kaseti ingebaki. Redio ingetangaza kwamba Theuri yu hai. Monicah angerudisha ule mkate mwingine. Na kisimani hakuna ambaye angekuwa na la kusema mpaka Yesu arudi. Neno moja tu. Alikuwa amesema moja la namna hiyo Alhamisi ile, na lilikuwa jepesi kama kutema mbegu.

"Mama? Amesema nini?"

Theuri hakumhimiza. Alikuwa anamtazama tu, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyepeleka ng'ombe josho na kumwachia mwingine boma.

"Anasema..." Watiri akaanza. "Anasema si yeye."

Uani mtu akasema, "Ngai!"

"Anasema huyo anaimba ni Mutuma. Mutuma wa Timau. Walikuwa pamoja kwa kikundi." Akajipangusa uso na kanga, akakasirika ghafla kwa sababu hasira ndiyo iliyokuwa karibu. "Na miaka hii yote mimi nasema ni wewe! Mbona haukuniambia?"

*Hukuniuliza.*

"Anasema sikumuuliza," akatafsiri, bila kutaka.

Hanan alikuwa ameketi. Kitu fulani kilikuwa kinabadilika usoni mwake, kama mtu aliyekuwa anasukuma mlango kumbe unavutwa. "Wale wengine watatu," akasema polepole, "niliwachezea kaseti hii hii. Wote walisema ni wao. Mmoja alilia kukushinda wewe." Akamsogelea mzee, na sasa sauti yake ilikuwa na ile heshima ya siku ya kwanza. "Shikamoo, mzee Theuri. Kwenye boksi imeandikwa Theuri na Wenzake. Sisi tukadhani anayeimba mbele ni Theuri. Huyu Mutuma tunampata wapi?"

*Alikufa.*

"Alikufa," Watiri akasema.

Hanan akamtazama. "Amekufa kweli, mama, au amekufa kama mume wako?"

Hapo ndipo michongoma ilipotikisika kwa kicheko, na mzee mwenyewe akacheka, mabega yakipanda na kushuka pasipo mlio. Watiri alisubiri wamalize. "Amekufa kweli," akasema. "Tulienda kumzika Timau. Huyo ndiye mlimtangaza vizuri, mlikosea tu jina."

"Na mzee alikuwa wapi basi siku wimbo uliponaswa?"

Midomo ikaeleza kwa kirefu, mikono ikisaidia, na Watiri akaifuata neno kwa neno, hakuongeza, hakupunguza. "Anasema yeye ndiye alikuwa kiongozi. Wakaanza. Yule mtu wa mashine akasimamisha. Ati sauti ya huyu ni kubwa, inaumiza mashine. Akamwambia arudi nyuma. Wakaanza tena, bado. Arudi tena. Mwisho wakamweka mlangoni, nyuma ya watu wote, na Mutuma akawekwa mbele kwa sababu alikuwa na kasauti kadogo. Anasema aliimba kwa mlango. Aliimba kwa nguvu yake yote." Akaitazama ile redio. "Anasema yuko huko ndani. Nyuma."

Hanan alirudisha kaseti mwanzo, akaongeza sauti mpaka mwisho, hata mlio wa mkanda ukasikika kama mvua juu ya mabati. Akainua kidole kwa watu wa uani, wakatulia.

Njuga. Pumzi. Sauti ya Mutuma ikapita mbele yao, nzuri kama kawaida, na Watiri safari hii aliiacha ipite. Akainamisha sikio karibu na kile kitundu cha redio. Wanaume wakaitikia. Hakusikia kitu. Theuri akatikisa kichwa: *bado.* Mutuma akapanda tena, wanaume wakaitikia tena, na mkono wa mzee ukainuka, kidole kimenyooka.

Ilikuwa mbali sana. Ilikuwa nene, na ilikuja kama mtu anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, nusu neno tu, halafu wengine wakaifunika, halafu ikatokea tena. Ghafla Watiri alikuwa tena na umri wa miaka kumi na tisa na debe la maji kichwani. Alishika ukingo wa gogo.

Wimbo uliendelea. Mkono wa mzee ulikuwa bado juu, ukimwonyesha, ukimwonyesha, ukiogopa asije akakosa.

"Shusha mkono, baba Warigia," akasema. "Nimekusikia."